Kukagua bembea za watoto: kitabu kizuri, formasio ya nusu



Kitabu ninacholeta leo si riwaya, wala si cha sheria. Ni mwongozo wa CPSC, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, kuhusu viwanja vya watoto kuchezea. Kinaitwa Public Playground Safety Handbook, chapa namba 325. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, kikasahihishwa mara kadhaa, na toleo linalojulikana sana ni la 2010. Kinapatikana bure kwenye intaneti, na mtu mwenye simu na megabaiti chache anakishusha kwa dakika moja. Kule Marekani, anayetaka cheti cha mkaguzi wa viwanja vya watoto, kile wanachokiita CPSI, anasoma kitabu hiki pamoja na viwango vya ASTM, anafanya mtihani, na cheti chake kinadumu miaka 3.

Kwa nini sisi wa Songo tukisome? Juu bembea zimefika. Wengi tunaziita balansuari. Ziko kwenye shule za watoto wadogo, kwenye viwanja vya makanisa, na kwenye yale maeneo ya watoto yanayofunguliwa kila baada ya mafuriko au vita, ambayo mashirika yanayaita espace ami des enfants. Nyingi zinasuderiwa hapahapa mjini: tibu za chuma, nyororo, tairi la zamani, halafu rangi ya bluu na ya njano. Siku ya kufungua kuna hotuba na picha. Swali langu ni la siku ya mia moja: nani anapita pale na kutazama kama nyororo bado ni nzima?

Maoni yangu juu ya kitabu niyaseme mapema. Kinafundisha macho vizuri kuliko kitabu chochote cha aina yake nilichosoma. Lakini kiliandikiwa mahali ambapo nyuma ya mkaguzi kuna kiwanda, kuna fundi wa manispaa, kuna bajeti na kuna mahakama. Sisi tukikichukua na kukigeuza kuwa formasio ya siku mbili ndani ya salle, tunabaki na orodha ya maswali peke yake. Orodha haimzuii mtoto kuanguka.

Tuanze na mazuri, maana ni mengi.

Ukimwuliza mtu bembea nzuri ni ipi, atatazama rangi, atatikisa nguzo, atasema "iko nguvu". Kitabu kinamwambia atazame chini kwanza. Mtoto akianguka kutoka urefu wa meta 2, anagonga ardhi kwa kasi ya karibu kilometa 22 kwa saa. Hapo kinachoamua ni kichwa kinapata nafasi gani ya kusimama. Saruji inakisimamisha ghafla. Mchanga mwepesi unakipa sentimeta kadhaa, na kila ukiongeza nafasi hiyo mara mbili, nguvu inayopiga kichwa inapungua karibu nusu. Waliosoma fizikia umanite wanaijua hesabu hii, ila hatukufundishwa kuipeleka chini ya balansuari. Kwa kitabu hiki, saruji na lami havikubaliki hata kidogo. Nyasi na udongo navyo havihesabiwi kuwa kinga, juu vinakanyagwa na kukauka. Anayejua uwanja wa shule wa hapa Uvira mwezi wa nane, wakati vumbi limeshaondoka na kubaki ardhi inayolia kama meza, hahitaji mtaalamu wa kumthibitishia.

Somo la pili ni la nafasi. Mwili wa mtoto mdogo ni mwembamba kuliko kichwa chake. Akipita kwa miguu kwanza katikati ya vyuma viwili, mwili unaingia, kichwa kinabaki juu, naye ananing'inia kwa shingo. Kwa hiyo kitabu kinasema: nafasi iliyofungwa pande zote iwe chini ya sentimeta 9, au iwe zaidi ya sentimeta 23. Katikati ya namba hizo ni mtego. Njia ya kupima ni rahisi mpaka unacheka: kibao cha sentimeta 9 kwa karibu 16, ambacho ni kiwiliwili cha mtoto, na kisahani cha upana wa sentimeta 23, ambacho ni kichwa. Kibao kikipita, kisahani nacho lazima kipite. Kisipopita, nafasi ile ni ya hatari. Fundi mbao yeyote anavitengeneza vyote viwili kabla ya chakula cha mchana.

Jambo hili halikuandikwa kwa kujaza kurasa. CPSC ilichunguza vifo 40 vilivyohusu vifaa vya kuchezea kati ya mwaka 2001 na 2008, na 27 kati yake vilitokana na kunyongwa au kukosa hewa. Ndiyo maana kitabu kinasisitiza pia juu ya kamba: kamba za kofia ya koti, kamba ya kuruka ambayo watoto wenyewe wameifunga juu ya ngazi, kamba iliyofungwa upande mmoja tu. Mama wa Mulongwe akimvua mtoto skafu kabla ya kupanda tobogani, tayari amefanya kazi ya mkaguzi.

Halafu kuna mambo madogo ambayo jicho lisilofundishwa haliyaoni. Ile ndoano ya umbo la S inayoshika nyororo inahesabiwa imefungwa kama mdomo wake hauachi nafasi ya kupita milimeta 1. Tairi lenye nyaya ndani linatazamwa mara kwa mara, juu nyaya zikitokeza zinachana ngozi, na linatobolewa chini ili maji yasikae. Sisi tunaoishi na mbu tunajua faida ya tundu hilo. Tobogani ya bati tupu isiachwe juani, maana inaunguza mapaja ya mtoto. Kwa jua la saa saba la Uvira, ukurasa huo peke yake unatosha kumrudisha fundi kazini.

Sasa tuje kwenye udhaifu.

Wa kwanza uko kwenye sura ya matengenezo. Kitabu kinarudia kwamba ukaguzi na matengenezo vifuate maagizo ya mtengenezaji. Huko, mtengenezaji ni kampuni yenye katalogi, namba ya simu na vipuri. Hapa ni kijana mwenye posti ya kusudere kando ya barabara, aliyepewa picha kwenye WhatsApp na kuambiwa "fanya kama hii". Hakuna maagizo aliyoacha. Pengine hata namba yake imebadilika. OCC inakagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini bembea iliyozaliwa kwenye avenyu haipiti mpaka wowote. Kitabu kinamzungumzia mnunuzi, mwalimu, mzazi na msimamizi wa bustani. Fundi wa kusudere wa mtaani hakumfikiria kabisa, na kwetu yeye ndiye mtu wa kwanza wa kufundishwa.

Udhaifu wa pili ni namba zinazotolewa bila kuonyesha zinavyoweza kubishaniwa. Chukua mchanga, kitu ambacho sisi watu wa ziwa hatukikosi. Kitabu kinasema sentimeta 23 za mchanga zinalinda anguko la meta 1.2 hivi, basi. Fungua kiwango cha Ulaya, EN 1176, ambacho kilitoka mwaka 1998: mchanga wa sentimeta 20, na 10 nyingine za akiba kwa ajili ya ule unaotawanyika, unakubaliwa kwa anguko hadi meta 2. Nyasi, ambazo Wamarekani wanazikataa, Wazungu wa Ulaya wanazikubali kwa anguko la chini. Hata urefu wa anguko la bembea hawaupimi kwa namna moja. Watu wa pande zote mbili ni wasomi, wana maabara, na hawakubaliani.

Hiyo haimaanishi namba ni uongo. Inamaanisha kwamba nyuma ya kila namba kuna uamuzi: mchanga wa aina gani, una unyevu kiasi gani, tunakubali hatari ya kiasi gani. Mkaguzi aliyekariri 23 bila kujua inatoka wapi atafanya mojawapo ya makosa mawili. Ama ataifunga kila bembea ya mji huu, ama ataona haiwezekani na kuachia kila kitu. Aliyeelewa sababu atapiga hesabu. Bembea ya watoto wadogo ambayo nyororo zake zimefungwa kwenye urefu wa meta 1.2 inahitaji eneo la wazi mbele na nyuma, kila upande mara mbili ya urefu huo. Yaani meta 4.8 kwa urefu, na tuseme 3 kwa upana. Ukimwaga mchanga wa sentimeta 30, ili ukishakanyagwa zibaki 23, unahitaji karibu meta za ujazo 4.3. Huo ni mzigo wa kamio, hauhitaji mradi wa mamilioni. Na mchanga utafutwe kwa akili. Tusichimbe kingo za Mulongwe, ambazo tunajua zinavyotulipa mvua ikinyesha.

Udhaifu wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Mwishoni kuna orodha ya kukagua, nzuri sana, ya kuweka alama kwenye visanduku. Kitabu kinasema kilichoharibika kitengenezwe mara moja. Nani atatengeneza? Kwa pesa za nani? Na kabla ya kutengenezwa, nani ana haki ya kusema "leo hakuna kucheza"? Kwa Mmarekani maswali haya yana majibu nje ya kitabu: kuna manispaa, kuna bima, kuna wakili anayesubiri. Kwetu yasipojibiwa ndani ya formasio yenyewe, hayajibiwi popote.

Hapa naacha kitabu kidogo nitazame formasio zetu. Tunazijua. Salle, bango ukutani, siku 2, pause-café, perdiem, picha ya pamoja, breve. Mada zinabadilika, leo usafi, kesho ulinzi wa mtoto, kesho kutwa usalama wa viwanja, lakini umbo ni lilelile. Ndani ya salle hakuna bembea. Mshiriki anatoka akijua neno la Kifaransa la kila kasoro bila kuwahi kushika ndoano iliyolika. Kisha breve inaingia kwenye CV, maana kazi hakuna na kila karatasi ni tumaini. Simlaumu kijana anayetafuta mkate. Ninalaumu formasio inayojua kwamba anatafuta karatasi, ikampa karatasi.

Chukua mfano. Mkaguzi aliyefundishwa hivyo anapita, anaona ndoano imefunguka milimeta 4, anajaza fishi vizuri kabisa. Fishi inaenda kwa direkta. Direkta anasema bembea ni ya shirika. Shirika linajibu kwamba mradi umefungwa. Fishi inalala kwenye faili, na saa nne ya asubuhi iliyofuata watoto 15 wanapanga foleni kwenye bembea ileile. Ukaguzi umefanyika, na kwa karatasi kila mtu ana haki.

Kuna wanaosema haya yote ni anasa. "Banacheza tu, muwaache." Wanauliza: mtoto wa Uvira anavuka barabara ya taifa namba 5 kati ya mapikipiki kila siku, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020 mto Mulongwe ulipita ndani ya nyumba na kuua makumi ya watu, mwaka 2024 ziwa lilipanda mpaka vitandani kwa watu wa pwani. Wewe unapima mdomo wa ndoano kwa milimeta?

Pingamizi hili ni la kweli kwa nusu, na hata Ulaya wako wanaolisema kwa namna yao. David Ball, katika ripoti yake ya 2002 kwa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, alihoji kama pesa nyingi zilizomwagwa kwenye sakafu za mpira zilistahili. Tim Gill, katika kitabu chake No Fear cha 2007, alilalamika kwamba watu wazima wanaogopa mpaka wanamnyima mtoto nafasi ya kukua. Na tangu mwaka 1943, huko Emdrup, Denmark, C. Th. Sørensen aliwaachia watoto uwanja wa mbao na vitu vilivyotupwa wajenge wenyewe. Mwaka 2023 hata shirika la viwango la kimataifa lilitoa ISO 4980, inayotaka faida ya mchezo ipimwe pamoja na hatari yake. Kwa hiyo mkaguzi anayetaka kuondoa kila hatari amebaki nyuma ya wakati.

Lakini wote hao hawasemi tuache kukagua. Wanatusaidia kutenganisha vitu viwili. Kuna hatari ambayo mtoto anaiona: urefu wa ngazi, kasi ya bembea, mti wa mwembe. Anaipima kwa woga wake mwenyewe, na hapo ndipo anajifunza. Na kuna mtego ambao hawezi kuuona: ndoano iliyolika kwa ndani, nafasi ya sentimeta 12 kati ya vyuma, nguzo iliyooza chini ya udongo, mchanga uliobaki sentimeta 5 baada ya mvua. Woga wake haumsaidii pale. Mafuriko hatuwezi kuyafunga kwa kufuli. Ndoano tunaweza, tena kwa nyundo. Na bembea ni sisi watu wazima tuliomletea, tukamwambia "hapa ni salama, njoo". Kongo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinamtambulia haki ya kucheza. Ukimpa haki hiyo juu ya chuma kilicholika, umempa nusu.

Basi formasio iweje? Kiwango cha Ulaya kina wazo moja ambalo kitabu cha Marekani hakilisemi kwa uwazi huo: ukaguzi ni wa ngazi tatu. Wa kila siku au kila wiki, wa kutazama kwa macho. Wa kila mwezi 1 hadi 3, wa kupima ulikaji kwa mikono. Na wa mara moja kwa mwaka, mzito zaidi, mpaka kwenye msingi wa nguzo. Mgawanyo huo unatufaa sana. Wa kwanza ni wa mlinzi na mwalimu. Wa pili ni wa fundi wa kusudere na mmoja wetu mwenye daftari. Wa tatu ufanywe na mtu ambaye hakuijenga bembea ile, juu hakuna fundi anayependa kuona kosa lake.

Mafunzo yenyewe yafanyike uwanjani, kwenye bembea halisi. Vifaa ni vichache: kibao, kisahani, meta, kipande cha chuma cha kupima kina cha mchanga, daftari, na kufuli yenye mnyororo. Mtihani usiwe wa karatasi. Bembea itayarishwe na makosa matatu yaliyofichwa, mshiriki ayatafute. Akiyaona yote matatu lakini akaondoka bila kuifunga, ameshindwa.

Kuhusu haki ya kufunga, majirani wametuonyesha njia. Kenya, katika mwongozo wake wa usalama wa shule wa mwaka 2008, ilitaka kila shule iwe na kamati ndogo ya usalama. Sisi hatuhitaji kuunda chombo kipya, tuna COPA na COGES katika shule zetu. COPA inaweza kukaa siku moja, kabla ajali haijatokea, ikaandika kwenye kitabu cha mkutano: mlinzi fulani ana kufuli, akiona kosa anafunga bila kumwomba mtu ruhusa, na bembea haifunguliwi mpaka fundi na mwalimu waweke sahihi. Karatasi hiyo moja ina uzito kuliko breve 30.

Hukumu yangu juu ya kitabu: kisomeni. Kwenye sura ya sakafu, ya nafasi na ya kamba, msiruke hata mstari. Zile za vifaa vya plastiki vya kiwandani mzipitie haraka. Sura ya matengenezo isomeni mkiwa na kalamu, na kila panapoandikwa "mtengenezaji" andikeni jina la fundi wa mtaa wenu. Na kesho mkiitwa kwenye formasio ya aina hii, kabla ya kuuliza perdiem, ulizeni mambo mawili: tutashika bembea ipi kwa mikono yetu, na tukimaliza, nani atabaki na kufuli?